UZI: Mtoto ana amonia juu lakini vimeng'enya vya ini viko sawa. Tujadili shanti za vena porta za kuzaliwa nazo

#1 Tabibu_wa_Ini

Wakuu, naomba tukusanye haya mahali pamoja, maana ugonjwa huu hupita chini ya vipimo vya kawaida huku unaendelea kumdhuru mtoto.

Damu inayotoka kwenye utumbo, bandama na kongosho hukusanywa na vena porta na kufikishwa kwenye ini kabla ya kwenda kokote. Karibu robo tatu ya damu inayoingia ini hupita hapo, inayobaki huletwa na ateri ya ini. Humo ndani amonia (taka ya protini) hugeuzwa kuwa urea, asidi za nyongo hunaswa na kurudishwa kwenye nyongo, galaktosi huchakatwa, manganizi hutolewa, na sehemu kubwa ya insulini hupunguzwa kabla haijafika mwilini.

Mtoto mwenye shanti ana mshipa wa ziada, aliozaliwa nao, unaounganisha vena porta au tawi lake na vena za mwili: vena kava ya chini, vena ya figo ya kushoto, vena za nyonga, au vena za ini zenyewe. Damu hufuata upande wenye shinikizo dogo, ikaruka ini na kuingia moyoni bila kuchujwa.

Madhara ni ya aina mbili na wengi hukumbuka moja tu. La kwanza ni hayo ambayo ini halikuyachuja: yanafika kwenye ubongo na mapafu. La pili ni ini lenyewe kunyimwa damu ya porta, ambayo ndiyo hubeba insulini na vichocheo vingine vya ukuaji wake. Ini hubaki dogo, ateri yake hupanuka kufidia, na vinundu huanza kuota.

Kwa nini ALT na AST, yaani vimeng'enya vya ini, huwa za kawaida au hupanda kidogo tu? Kwa sababu chembe za ini hazifi. Ini ni zima, ila kazi hailifikii. Ndiyo maana "vipimo vya ini viko sawa" hakumwondoi mtoto kwenye orodha hii.

John Abernethy, mpasuaji wa London, alieleza mwaka 1793 mtoto wa miezi 10 ambaye vena porta yake iliishia kwenye vena kava ya chini. Kadirio linalotumika sana leo ni mtoto 1 katika kila 30,000 wanaozaliwa.

Aina kuu ni tatu. Shanti za nje ya ini, ambazo Morgan na Superina walizigawa mwaka 1994: aina ya I, picha haionyeshi damu ya porta ndani ya ini kabisa, aina ya II, sehemu ya damu bado inaingia. Shanti za ndani ya ini, zilizogawanywa na Park na wenzake mwaka 1990 katika makundi manne, kuanzia mshipa mmoja mpana kati ya tawi la kulia na vena kava hadi viungo vingi vilivyotapakaa pande zote mbili za ini. Na daktasi venosasi, njia ya kijusi ambayo kwa kawaida hufunga ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuzaliwa (kwa njiti huchelewa), ikiwa imebaki wazi.

#2 Maabara_Kwanza

Naanzia kwenye amonia, kwa sababu nusu ya ubishi juu yake huletwa na namna damu ilivyochukuliwa.

Damu itoke yenyewe. Mpira wa kufunga mkono ukikazwa muda mrefu, au mtoto akipigana na kukunja ngumi, misuli hutoa amonia na jibu hupanda bila ugonjwa. Tumia chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau, ijaze, izamishe mara moja kwenye maji yenye barafu, plazima itenganishwe ndani ya dakika 15 hadi 30. Chembe nyekundu zikipasuka, tupa sampuli. Ikikaa mezani saa nzima, jibu litapanda kwa sababu chembe zinaendelea kuzalisha amonia humo chupani. Kuchoma kidole au kisigino na kukamua hakufai kabisa.

Kwa mtoto aliyekwisha kuvuka uchanga, chini ya mikromoli 50 kwa lita ndicho kiwango kinachotegemewa. Kichanga anaweza kufika karibu 100 bila ugonjwa. Mwenye shanti mara nyingi huwa na 60, 80, 120: haiogopeshi kama magonjwa ya mzunguko wa urea (ini kushindwa kugeuza amonia kuwa urea), lakini haishuki. Kipimo kimoja cha kawaida hakiondoi shanti, hasa kama mtoto alikuwa hajala protini kwa saa kadhaa.

Asidi za nyongo akiwa hajala ni kipimo kinachosahaulika na chenye msaada mkubwa. Zikizidi mikromoli 10 kwa lita huku bilirubini ni ya kawaida, ombeni Dopla (ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu).

Kwa vichanga kuna mlango mwingine. Uchunguzi wa matone ya damu ukionyesha galaktosi juu na kimeng'enya cha GALT (kinachochakata galaktosi) ni cha kawaida, msifunge faili. Galaktosi hiyo huenda imeruka ini.

#3 Picha_na_Dopla

Daktari wa #1 kaeleza vizuri. Naongeza upande wa chumba cha picha, kwa sababu shanti hukosekana hapo kuliko popote.

Mtoto mkubwa asile kwa muda wa saa 4 kabla ya kipimo. Kichanga apimwe kabla tu ya kunyonya, anyonyeshwe wakati wa kipimo akilia. Tumia proba ya masafa ya juu. Jambo la kwanza kwenye mashine: shusha kipimo cha kasi cha rangi. Mtiririko wa porta kwa mtoto mwenye shanti ni wa polepole, na mashine iliyopangwa kwa mishipa ya kasi itakuonyesha giza. Ripoti nyingi za "vena porta haionekani" zimezaliwa na swichi hiyo.

Anza pale vena ya bandama inapokutana na vena ya utumbo. Fuata vena porta hadi igawanyike kulia na kushoto, pima kipenyo, andika mwelekeo wa damu kwenye kila tawi. Kisha rudi nyuma: fuata vena ya bandama, vena ya utumbo ya juu na ya chini, vena ya figo ya kushoto, na vena kava yote hadi moyoni. Mahali vena kava inapopanuka ghafla, simama hapo. Kuna kitu kinamwaga.

Dalili zisizo za moja kwa moja: matawi ya porta membamba mno, ateri ya ini nene kuliko umri wa mtoto, damu ya tawi inayorudi nyuma, na wimbi la porta lenye mapigo ya moyo badala ya mtiririko tulivu. Hilo la mwisho hutokea kwa sababu mapigo ya vena kava yanapita kwenye shanti hadi porta.

Baada ya hapo ndipo CT ya mishipa yenye vipande vyembamba, awamu ya ateri na ya porta, au MRI kama inapatikana na mtoto anaweza kulazwa usingizi salama. Kazi ya picha hizi ni kuchora ramani kwa atakayeziba: shanti inaanzia wapi, inaishia wapi, ina urefu gani, upana gani kwenye ncha zote mbili, ni moja au zaidi.

Sharti moja kabla ya kuliita jambo hili shanti ya kuzaliwa: hakikisha si mishipa iliyojifungua kwa sababu ya shinikizo la porta. Mtoto mwenye bandama kubwa, chembe sahani chache na mishipa iliyovimba kwenye umio ana ugonjwa mwingine. Kwake hizo njia ni mfereji wa kupunguza shinikizo, na ukiziziba atatoka damu.

#4 Mwanafunzi_Mwaka5

Samahanini wakubwa. Je, kila muunganiko wa mishipa ya ini wa kuzaliwa unahesabika hapa? Nimesoma kuhusu ateri kuungana na vena porta.

#5 Tabibu_wa_Ini

@Mwanafunzi_Mwaka5 hapana, na tofauti hiyo ina uzito. Ateri ikifunguka ndani ya vena porta, shinikizo la porta *linapanda*: mtoto anatapika au kuharisha damu, tumbo linajaa maji, anaharisha na hakui, bandama inakua. Dopla itaonyesha porta yenye mapigo kama ateri na damu ikikimbia kutoka kwenye ini. Matibabu yake ni kuziba ateri inayolisha.

Ateri ikimwaga kwenye vena za ini, kama kwenye hemangioma (uvimbe wa mishipa ya damu) kubwa za ini za vichanga, moyo ndio unaozidiwa. Hapo pima pia homoni ya tezi shingo, kwa sababu uvimbe wenyewe unaweza kuivunja kwa wingi. Kwenye shanti ya porta kwenda vena za mwili shinikizo la porta ni la chini au la kawaida. Kwa hiyo bandama kubwa hatuitarajii.

#6 Mlezi_Makini

Naomba ufafanuzi. Kichanga wa miezi 3, shanti ndogo ya ndani ya ini, amonia 70, anakua vizuri. Azibwe sasa au asubiriwe?

#7 Tabibu_wa_Ini

Dada/kaka, hali kama hiyo kwa kawaida husubiriwa, kwa masharti. Shanti ndogo za ndani ya ini ndizo zenye tabia ya kujifunga zenyewe, nyingi kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, nyingine hadi wa pili. Za nje ya ini hazina tabia hiyo. Daktasi venosasi pana iliyobaki wazi nayo si ya kuitegemea.

Kusubiri maana yake ni ratiba: Dopla kila baada ya mwezi 1 hadi 3, kila mara kipenyo kikiandikwa ili kilinganishwe, pamoja na amonia, asidi za nyongo, sukari ya damu, uzito, urefu na oksijeni. Ikifika miaka 2 bado iko wazi, zungumzeni kuziba hata kama mtoto anaonekana mzima.

Kusubiri kunavunjwa papo hapo kukiwa na manjano ya nyongo isiyoisha, sukari kushuka, oksijeni kupungua, shinikizo la mapafu kupanda, kinundu ndani ya ini, au mabadiliko ya fahamu.

Kuhusu maziwa: galaktosi ikiwa juu, maziwa yenye laktosi husimamishwa hadi kimeng'enya cha GALT kijulikane. Kikiwa kizima, daktari hupima galaktosi tena na kuamua kama kunyonya kunaweza kurudi. Mama aendelee kukamua maziwa katika siku hizo ili yasikauke.

#8 Kisu_Kikali

Hapa mnazungukazunguka. Aina ya I haina vena porta, basi. Ukiziba, damu ya utumbo itaenda wapi? Huyo ni wa kupandikizwa ini.

#9 Puto_na_Katheta

@Kisu_Kikali ndugu yangu, ndivyo ilivyofundishwa muda mrefu, na watoto wamepandikizwa ini bila ulazima kwa hoja hiyo. Mgawanyo wa 1994 unaeleza picha *ilivyoonekana*. Matawi yasiyopitiwa na damu husinyaa hadi CT isiyaone, lakini yapo. Usiandike "vena porta haipo" mpaka puto lijazwe.

Mtoto yuko kwenye nusukaputi. Katheta inapitishwa kutoka vena ya shingo au ya paja, inavuka shanti na kuingia upande wa porta. Shinikizo la mwanzo linapimwa. Kisha puto lenye upana wa kutosha linajazwa hadi shanti izibe kabisa, na hapa ndipo watu hukosea: puto dogo linaacha damu ipite pembeni, shinikizo linabaki chini kwa uongo, na rangi inakimbilia vena kava badala ya ini. Puto likiwa limeziba kweli, subiri dakika 5 hadi 10, pima tena, halafu piga rangi *nyuma* ya puto, upande wa utumbo. Vinyuzi vya porta ndani ya ini vitaanza kuonekana, vyembamba, wakati mwingine kama unyuzi wa buibui. Hivyo vinatosha kuanzia.

Uamuzi hutegemea shinikizo hilo. Vituo vingi hutumia milimita 25 za zebaki kama mpaka, vingine hukubali juu kidogo. Likiwa chini ya hapo na utumbo haubadiliki rangi, ziba kwa awamu moja. Likizidi, punguza kwanza: mpasuaji anaufunga mshipa nusu kwa ukanda, au kifaa cha kupunguza kinawekwa kwa katheta. Miezi kadhaa baadaye vile vinyuzi huwa vimepanuka, unarudia kipimo, unamalizia. Kupandikiza ini kunabaki kwa mtoto ambaye shanti yake haiwezi kuzibwa kwa njia yoyote, au mwenye saratani ya ini isiyoweza kukatwa.

#10 Kisu_Kikali

Nimekuelewa kuhusu puto. Ila shanti fupi na pana ya pembeni kwa pembeni, kifaa cha katheta kitashika wapi?

#11 Puto_na_Katheta

Hapo ni zamu yako, mkuu. Kizibo kinahitaji shingo ndefu ya mshipa ya kukaa, na huchaguliwa kikiwa kipana kuliko mshipa ili kibane ukuta. Kwenye shanti fupi na pana kinaweza kuteleza kikaenda moyoni au kwenye ateri ya mapafu, au kikaingia nusu ndani ya porta na kuiziba. Hizo zifungwe kwa upasuaji. Koili zinafaa njia nyembamba na ndefu.

Hatari kubwa baada ya kuziba ni donge la damu kwenye porta. Damu ilikuwa ikikimbia kwenye njia pana, sasa inasukumwa polepole kwenye matawi membamba. Kwa hiyo heparini (dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda) huanza mapema kadiri hatari ya kutoka damu inavyoruhusu, Dopla hurudiwa siku ya kwanza na mara kadhaa ndani ya wiki hiyo, na dawa ya kuzuia damu kuganda huendelezwa kwa miezi kadhaa, mara nyingi 3 hadi 6. Tumbo likivimba, maumivu yakizidi, au haja kubwa ikiwa na damu, usingoje Dopla ya kesho.

Kosa jingine: kuziba shanti moja na kuiacha ya pili. Amonia inapaswa kushuka ndani ya siku chache. Isiposhuka, tafuta njia nyingine.

#12 Moyo_na_Mapafu

Wakuu, mapafu yasiachwe mwishoni kama nyongeza. Kuna matatizo mawili na yanakwenda pande tofauti.

Moja, mishipa midogo ya mapafu inapanuka mno na damu inapita bila kuchukua oksijeni. Mtoto huwa na midomo ya bluu, vidole vinavimba ncha, anachoka. Pima oksijeni akiwa amelala, kisha akiwa amekaa au amesimama. Ikishuka anapoinuka, hiyo ni dalili ya kweli. Thibitisha kwa ekokadiografia (ultrasaundi ya moyo) ya mapovu: maji ya chumvi yaliyotikiswa yanaingizwa kwenye vena ya mkono. Mapovu yakitokea upande wa kushoto wa moyo baada ya pigo la tatu hadi la sita, yamepita kwenye mapafu. Yakitokea mapema zaidi, fikiria tundu la moyo. Hali hii kwa kawaida hurudi nyuma shanti ikizibwa, ila kwa miezi, kwa hiyo oksijeni ya nyumbani isiondolewe kwa haraka.

Mbili, mishipa ya mapafu inabana na shinikizo linapanda. Hii ndiyo ninayoiogopa. Huanza kimya, mtoto akazimia akicheza, na kuziba shanti hakuhakikishi kwamba itarudi nyuma. Huweza kutulia, huweza kuhitaji dawa kama sildenafili au bosentani, na imewahi kuonekana hata baada ya shanti kufungwa. Kwa hiyo ekokadiografia ifanyike siku ya utambuzi, kabla ya nusukaputi yoyote, na iendelee baada ya kuziba. Na kinyume chake: mtoto yeyote mwenye shinikizo la mapafu lisilo na sababu apimwe Dopla ya ini. Ni kipimo kisicho na maumivu.

#13 Nesi_Wadi_Watoto

Naongezea ya kila siku. Amonia ya muda mrefu kwa mtoto haiji na koma. Inakuja na usingizi mchana, kukosa umakini, kusahau, hasira, kushuka darasani, na mara nyingi anaitwa mtukutu au mvivu. Picha ya MRI ya ubongo huweza kuonyesha globasi palidasi (sehemu ya ndani ya ubongo) ikiwa nyeupe kwenye T1, aina mojawapo ya picha hiyo. Ni manganizi iliyokusanyika.

Laktulosi (dawa ya kulainisha choo inayopunguza amonia) huongezwa polepole hadi mtoto apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Akiharisha kama maji, punguza: kukaukiwa maji kunapandisha matatizo badala ya kuyashusha. Kufunga choo ni adui mkubwa, na homa, kutapika na kutoka damu tumboni pia hupandisha amonia.

Protini isikatwe ovyo. Mtoto anakua, na misuli nayo husaidia kuondoa amonia, ukimnyima, inasinyaa. Igawanywe kwa milo midogo, na asikae na njaa muda mrefu, kwanza kwa sababu ya sukari, pili kwa sababu mwili wenye njaa huvunja misuli.

Dawa: valproati ya sodiamu inapandisha amonia, daktari wa kifafa aambiwe. Dawa za usingizi zitumike kwa uangalifu na kwa dozi ya chini.

#14 Picha_na_Dopla

Kuhusu vinundu, maana hakuna aliyevieleza. Vingi si saratani, lakini adenoma (uvimbe usio saratani lakini unaoweza kugeuka) na saratani zimo kwenye orodha, hata kwa watoto. Ultrasaundi kila miezi 6, MRI yenye rangi ya ini kikitokea kipya. Alfafetoprotini (protini ya damu inayoweza kupanda kwenye saratani ya ini) ipimwe, mkikumbuka kwamba kwa kichanga huwa juu kiasili katika miezi ya mwanzo. Kinundu kinachokua, kinachobadilika sura, au chenye alfafetoprotini inayopanda, kichukuliwe nyama, na mpatholojia aombwe kuangalia betakatenini (protini ambayo mabadiliko yake huashiria hatari ya saratani). Vinundu visivyo na hatari husinyaa au kutoweka baada ya kuziba. Msichana aliyebalehe mwenye kinundu asipewe vidonge vya uzazi vyenye estrojeni.

#15 Mwanafunzi_Mwaka5

Mtoto wa miaka 6 anayetoa damu kwenye haja kubwa mara kwa mara, kolonoskopi imeonyesha vena zilizovimba tu, ini halina shida. Inaweza kuwa hii?

#16 Tabibu_wa_Ini

Inaweza. Vena ya utumbo ya chini ikimwaga kwenye vena za nyonga, damu ya porta inashuka kwenye fupanyonga na vena za puru hupanuka. Dopla ya ini peke yake itaikosa, kwa hiyo CT ishuke hadi nyonga. Angalieni pia moyo, na bandama kama ni moja au vipande vingi, kwa kuwa kasoro hizo huandamana na shanti.

Mkimpeleka kwenye kituo kinachoziba, msitume ripoti pekee. Tumeni picha zote za CT kwenye diski, vipenyo vya Dopla na tarehe zake, amonia ikiwa na saa ya kuchukuliwa na saa ya kufika maabara, asidi za nyongo, oksijeni ya kulala na ya kukaa, ekokadiografia, na orodha ya dawa. Andikeni pia uzito wa siku hiyo. Upana wa katheta unaanzia hapo.